Usikimbilie kuuza mbuzi

Ikiwa uko Leparua, kule Isiolo, na kompyuta yako ya mtumba ingali inatumia Windows 10, huenda umeambiwa kwamba imekufa. Haijafa! Kilichokoma tarehe 14 Oktoba 2025 ni marekebisho ya kawaida ya usalama kutoka Microsoft. Mashine itawaka na watoto wataandika insha zao kama zamani. Lakini ufa mpya wezi watakaougundua hautazibwa, na hapo ndipo penye hatari, hasa kwa anayefungulia akaunti ya benki humo.

Windows 11, iliyotoka 2021, ni nzuri ila inachagua. Inadai kumbukumbu ya gigabaiti 4 (nayo hiyo haitoshi, utamaliza chai ikingali inafunguka) na kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0, ambacho mashine nyingi za zamani hazina.

Basi kabla ya kuuza mbuzi ununue nyingine, jaribu Linux Mint. Ni ya bure, na unaweza kuionja kutoka kwenye flashi bila kufuta chochote. Faili lake ni karibu gigabaiti 3; lipakulie mjini Isiolo, uhifadhi bando lako.