Picha za Reli Zisitufunge Midomo

Ubishi kuhusu reli ukizuka hapa Kisumu, humalizwa na mwenye picha ya zamani. Injini ya mvuke, Wazungu wenye kofia pana, vibarua nyuma yao. Basi, watu wananyamaza, maana picha haidanganyi. Imani hiyo naipinga kwa nguvu zote, kwa sababu inatusahaulisha waliokufa.

Reli ya Uganda ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika ziwani hapa Kisumu Desemba 1901, mahali walipopaita Port Florence, jina la mke wa mhandisi mmoja wa reli. Vibarua karibu 32,000 waliletwa kutoka India. Takriban 2,500 walifia kazini. Muulize mtu yeyote nini kiliwaua, atakujibu simba wa Tsavo. Kwa nini? Kwa kuwa mwaka 1898 J. H. Patterson, mhandisi wa daraja la Tsavo, alipigwa picha na simba aliyempiga risasi, na picha hiyo ikaenea duniani. Kitabu chake kinataja Wahindi 28 walioliwa. Kuhusu Waafrika, yeye mwenyewe anakiri kwamba hesabu rasmi haikuwekwa! Malaria, kuhara damu na ajali ziliua wengi kuliko simba, lakini nani alisimama kupigwa picha kando ya mgonjwa wa malaria?

William Young, mpiga picha rasmi wa reli, alikuwa fundi hodari. Lakini kazi yake ilikuwa ya wenye reli, na wenye reli walikuwa wakisutwa Bungeni London kwa gharama iliyopita pauni milioni 5. Walihitaji madaraja yanayopendeza.

Hata ajali ikipigwa picha, anayeumia anaweza kukosekana. Paris, mwaka 1895, injini ilitoboa ukuta wa stesheni ya Montparnasse ikaning'inia barabarani. Picha yake inajulikana kote. Mwanamke aliyeuawa chini, penye magazeti ya kuuza, haonekani.

Picha huweza kutoa ushahidi zikiulizwa vizuri. Daraja la Tay huko Uskoti lilipoanguka na treni mwaka 1879, nguzo zilizovunjika zilipigwa picha kwa ajili ya uchunguzi.

Basi makumbusho ya reli Nairobi, na kila hoteli ya Kisumu inayotundika picha hizi, waandike pembeni: nani aliagiza, na nani hayumo. Na wazee wa Kiluo, pamoja na wa Kinandi ambao watu wao walipigana na reli hii hadi kiongozi wao Koitalel arap Samoei alipouawa Oktoba 1905, warekodiwe sasa, kabla hatujabaki na albamu za wenye reli peke yake.