Menyu Yenu Imemruka Kuka

Mwezi uliopita nilipewa kazi ya kuandika menyu ya "jioni ya wiski na sigaa" kwa klabu moja hapa Nairobi. Sigaa ni ile sigara nene ya mabosi, si hii ya kuuziwa moja moja kwa kibanda. Niliacha chuo mwaka wa tatu, karo iligoma, kwa hivyo kazi ikija siulizi maswali. Nilisoma usiku mzima. Nzito huenda na nzito, nyepesi na nyepesi. Ramu ya Cuba kwa sigaa ya Cuba, maana miwa na tumbaku vimenyonya udongo wa kisiwa kimoja. Wiski ya Islay, ambayo kimea chake hukaushwa kwa moshi wa mboji, usiipe sigaa dhaifu, itaimeza. Sawa. Hiyo ni elimu, na sikatai kwamba ulimi una akili yake.

Kisha nikaongeza mstari mmoja kuhusu busaa na kiko. Ukarudi umekatwa: "Tutoe mambo ya kijijini."

Ati kijijini! Wasee, Kuka wangu kule Bungoma alikuwa anakaa chini ya mwembe, mrija wake mrefu mtungini, busaa ya kimea cha wimbi ikiwa bado vuguvugu. Mkono wa pili, kiko. Tumbaku aliipanda mwenyewe nyuma ya jiko, akaianika, akaifikicha kwa kiganja. Anavuta, ananyonya, ananyamaza. Uchachu wa busaa ulikata ukali wa jani, na alijua mtungi wa siku ya ngapi unafaa kwa tumbaku ipi. Hakuna aliyemwita mtaalamu. Mwaka 2009 alilala selo siku mbili kwa sababu ya mtungi huo huo. Mwenye chupa ya elfu ishirini halali selo, anaitiwa teksi.

Na serikali nayo? Desemba 2017 ilipiga shisha marufuku, tukaambiwa ni kwa ajili ya afya yetu. Poa, moshi ni moshi. Lakini ule wa sigaa unapita kwa koo la nani, la malaika?

Na si kwamba namtakasa Kuka. Koo ndilo lilimuua. Saratani. Madaktari wanalijua hili kitambo: pombe na tumbaku zikikutana mdomoni, hatari haijumlishwi, inazidishwa. Pombe hulegeza ngozi laini ya ndani, sumu ya moshi ikapenya vizuri. Muungano huo sikuuona kwa menyu hata moja usiku ule, na nilipitia nyingi, zote zimejaa harufu ya ngozi na asali na mbao za mwaloni. Kuka mwishoni alilishwa uji kwa mpira. Hakuonja chochote, si busaa, si maji, na koti lake pale mlangoni bado lilinuka kiko.

Niliwarudishia menyu na ule mstari wa busaa. Chini yake nikaongeza mwingine, mfupi tu, kuhusu koo. Wakasema nitawaharibia wateja starehe, wakatafuta mtu mwingine amalizie.

Wamenilipa nusu. Ile ingine bado naidai.