Walihesabu telefone zenye ziko hai, sasa wahesabu zenye zimekufa

Vijana wenzetu, munakumbuka RAM? Kuanzia mwaka 2020 kila telefone ya Mkongomani ilikuwa na deni: dola 1 kwa mwaka kwa telefone ya 2G, dola 7 kwa ile ya 3G au 4G. Pesa ilikatwa kwenye uniti zako moja kwa moja, hata kama ulinunua za kumpigia mama tu. Tulipiga kelele barabarani na kwenye mitandao, Bunge nalo likauliza maswali, na mwaka 2022 RAM ikafutwa.

Ile vita tulishinda. Lakini RAM ilituachia ushahidi mmoja. Serikali na makampuni ya telefone wakitaka, wanaweza kuhesabu kila telefone yenye inawaka katika nchi hii, moja moja, na kujua ni ya aina gani. Basi tunauliza: telefone ikikufa, nani anaihesabu?

Hakuna. Inalala kwenye droo, kisha inaenda kwenye mfereji pamoja na maganda ya ndizi. Na telefone zetu ni sehemu ndogo tu. Tazameni mabiro, mabenki, maduka, mashirika: ordinateri, printa, dekoda, na yale mabetri makubwa yenye yanashika umeme ukikatika. Yanapochoka, yanatolewa kwa mlango wa nyuma. Betri nyingi zinapasuliwa kwa nyundo ili watu watoe risasi, yale madini mazito, waiyeyushe kwenye sufuria. Asidi inamwagwa chini. Ile risasi inaharibu ubongo wa mtoto polepole, bila kidonda cha kuonyesha daktari. Waya nazo zinachomwa ili kutoa shaba, na moshi wake unaingia kwa jirani.

Watu wa Bukavu wanajua mambo haya yanaishia wapi. Mvua ikinyesha, uchafu wa mjini unashuka ziwani, maji yanaupeleka mpaka Ruzizi, na plastiki inaziba mashini za barrage. Umeme unakatika. Ukikatika, kila biashara inawasha jenereta ya mazutu, na moshi unapanda tena. Tunazima umeme wetu kwa uchafu wetu, kisha tunanunua mazutu ya kuurudisha. Na plastiki angalau inaelea, wafanyakazi wanaweza kuivua. Risasi ya betri inazama, na ndani ya lile lile ziwa Kivu njo tunachota maji na kuvua sambaza.

Kuna wenye watasema: vita iko, njaa iko, na ninyi munaongea mambo ya betri? Tunajibu kwamba ni jambo moja. Zaidi ya asilimia 70 ya kobalti ya dunia inachimbwa kwetu, kule Kolwezi na kandokando. Koltani ya Rubaya inaingia ndani ya telefone za dunia nzima. Sehemu kubwa ya uchafu wenye telefone inaleta duniani inatokea kabla haijawashwa hata mara moja: kwenye mgodi, kwenye kiwanda, njiani. Yaani sehemu chafu zaidi ya kazi tunafanya sisi. Kisha telefone inarudi kwetu kwa bei ya juu, na ikikufa tunaizika sisi pia. Mtu mmoja hawezi kuwa mama wa mtoto na mchimba kaburi wake, halafu asipate kitu katikati.

Na mahali pengine pia hawajamaliza hii shida. Mwaka 2022 dunia ilitoa tani milioni 62 za takataka za vyombo vya umeme, na hata robo yake haikurekodiwa kuwa imekusanywa na kutengenezwa upya vizuri. Kwa hiyo hatuombi kuiga mtu. Tunaomba kila mwenye kupata faida abebe mzigo wake.

Sheria iko. Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 53, inampa kila mtu haki ya kuishi mahali safi. Kifungu cha 55 kinasema kumwaga takataka za sumu ni uhalifu, ziwe zimetoka nje ao hapa hapa. Sheria ya mazingira ya mwaka 2011 nayo inasema mwenye kuchafua njo alipe. Kinachokosekana ni utashi.

Kwa hiyo tunadai mambo manne.

Moja: mwenye kuuza achukue na mabaki. Makampuni ya telefone yanasema ni vigumu kufika kila mahali. Kweli? Kabini ziko kwenye kila avenue, na mwamvuli wake, mpaka vijijini. Kama kijana wa kabini anaweza kupokea pesa yako na kuituma Kalemie kwa dakika moja, anaweza pia kupokea telefone iliyokufa na kukupa uniti kidogo. Yeye alipwe komisheni yake, kama anavyolipwa kwa uniti. Hiyo ni kazi kwa vijana, na haihitaji kujenga hata chumba kimoja.

Mbili: mabenki, makampuni ya migodi na mashirika yenye yameandika "maendeleo endelevu" ukutani yatangaze hesabu kila mwaka. Vyombo vingapi vilinunuliwa, vingapi vilitengenezwa, vingapi vilitoka, na nani alivichukua. Na kabla ya kununua kipya, wamuite fundi wa hapa. Tuko na mafundi wenye wanafufua telefone kwa koleo na taa ya kichwani. Wanunue ordinateri zenye betri inatoka na vipuri vinapatikana, ili fundi apate pa kuanzia.

Tatu: wakomeshe zawadi za uongo. Ordinateri yenye imekufa ukiipeleka kwa shule, hujasaidia shule. Umeisukumia kazi ya kutupa, na umepiga picha juu yake.

Ine: biashara zitoke kwenye mazutu ziende kwenye jua na maji, lakini kwa masharti. Sola bila mpango wa betri ya zamani ni kuhamisha uchafu kutoka hewani kwenda ardhini. Kila mkataba wa kuweka betri useme nani atakuja kuichukua, na lini.

Kwa serikali tunaongeza neno moja tu: musitumie dai hili kuleta RAM ya pili. Raia ameshalipa. Safari hii hesabu ianzie kwa wenye kuingiza na kuuza bidhaa.

Na sisi? Tusitupe betri kwenye mfereji, tusichome waya, tutengeneze kabla ya kubadilisha. Telefone yenye ungeitumia miaka miwili ukaitumia minne, ni telefone moja yenye haikuhitaji mgodi.

Lakini kazi ya kwanza ni hii, na unaweza kuifanya wiki hii. Ingia kwenye duka la kampuni yenye unanunua uniti zake, shika telefone ao betri yenye imekufa, uliza kwa heshima: "Hii munaichukua?" Wakikubali, waombe karatasi. Wakikataa, andika tarehe, mji na jibu walilokupa, ututumie. Usiandike jina la mfanyakazi, yeye si adui, naye anachota maji kwenye lile lile ziwa. Tutakusanya majibu yote, mji kwa mji, na tutayapeleka kwa makao makuu na kwa wabunge.

Wao walituhesabu. Zamu yetu imefika.