Wito kwa wenye runinga janja wa Matai

Ndugu zangu wa Matai, nanyi wa Mwimbi, Kasesya na Sumbawanga mjini, mahindi na maharage yakilipa, wengi wetu siku hizi tunanunua runinga janja. Tunaiunganisha na hotspoti ya simu, kwa bando la kubana matumizi, tukidhani kila megabaiti inakwenda kwenye mpira na taarifa ya habari. Kumbe runinga hiyo, hata ikiwa imetulia kwenye ukurasa wake wa mwanzo, huweza kuwa inapakua matangazo kwa bando lako. Nyingine hutuma nje habari za kile unachotazama.

Huu si uvumi. Februari 2017, kampuni ya Vizio ya Marekani ilikubali kulipa dola milioni 2.2 baada ya kushtakiwa kwamba runinga zake milioni 11 zilikusanya yale watu waliyotazama, sekunde kwa sekunde, bila ridhaa yao. Sisi nasi tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na naiheshimu sana, ila haiwezi kuja sebuleni kukushikia rimoti.

Kilichonifanya niandike ni mtoto wa darasa la tatu hapa nyumbani. Aliniuliza, "Baba mdogo, kuweka mkeka ni kufanyaje?" Hakuwa na maana ya mkeka wa kukalia. Tangazo la kubeti lilikuwa limekatiza katuni zake kwenye programu ya bure. Swali lile liliniuma.

Dawa ipo, na haina gharama. Runinga haijui njia za intaneti. Kila inapotaka kitu huuliza jina kwanza, kama mgeni anayeshuka stendi na kuuliza kwa fulani ni wapi. Anayeijibu anaitwa DNS. Wa kawaida huelekeza kwa kila jina analoulizwa, lakini wapo wanaokataa kuelekeza kwenye majina yanayojulikana kuwa ya matangazo na ya upelelezi. AdGuard wanatoa huduma hiyo bure kwa namba 94.140.14.14 na 94.140.15.15. Fungua mipangilio ya mtandao kwenye runinga, tafuta DNS, iondoe kwenye kujipanga yenyewe, kisha andika namba hizo. Mwenye ruta aziweke kwenye ruta, zilinde nyumba nzima. Ukiwa humo humo kwenye mipangilio, zima na ruhusa ya runinga kutambua unachotazama.

Nisiwadanganye: matangazo ya YouTube yatabaki, maana hupita mlango mmoja na video zenyewe. Ya king'amuzi nayo yatabaki, kwa kuwa hayaji kwa intaneti. Programu ikigoma kufunguka, rudisha mpangilio wa zamani. Tena huyo mwelekezaji mpya ataona majina yote ambayo runinga inauliza, kwa hiyo msipokee namba za DNS kutoka kwa mtu msiyemfahamu.

Wazee wetu wengi hawatafika kwenye mipangilio hiyo peke yao. Nyinyi mafundi mnaofunga runinga, wauzaji wa madukani, na vijana mnaorudi likizo, nawaomba kwa moyo wangu wote: kabla hamjamkabidhi mama rimoti yake, wekeni namba hizo mbili, mwonyesheni zilipo, na mwandikieni kwenye karatasi namna ya kuziondoa.