Vituo Havikujifia

Mwandishi aliyedai kwamba vituo vidogo vya reli vya kaskazini mwa Uingereza vilijifia kwa kukosa abiria, na kwamba ripoti ya Beeching ya mwaka 1963, iliyopendekeza vituo na njia nyingi za reli zifungwe, ilizika maiti tu, ameghafilika na ushahidi ulio dhahiri. Njia ya Settle hadi Carlisle, ambayo vituo vyake vya njiani, isipokuwa Settle na Appleby, vilifungwa mwaka 1970, ilinusurika mwaka 1989 kwa kuwa raia waliikataa hukumu ya kuifunga. Na Ashington, mji wa wachimba makaa uliopokonywa treni ya abiria mwaka 1964, ilhali mabehewa ya makaa yakiendelea kupita juu ya reli zile zile, ulirejeshewa haki yake Desemba 2024, baada ya miaka 60 ya dhuluma. Kwa insafu, dai la mwandishi yule ni batili.