Kabla ya Kuzima Tangazo, Hesabu SMS za M-Pesa

Wasee, tuseme ukweli. Vijana wengi wanaouza mtandaoni huku Likuyani hawazimi matangazo kwa sababu hayauzi. Wanayazima kwa sababu deshibodi imesema hayauzi. Hayo ni mambo mawili tofauti, na hapo katikati ndipo pesa inapotelea.

Tuseme unauza viatu Matunda. Tangazo lako la Instagram linakula shilingi 500 kwa siku. Siku nne zimepita, 2,000 zimeenda, na deshibodi inaonyesha mauzo mawili. Lakini simu yako iko na SMS tisa za M-Pesa. Nani anadanganya? Hakuna. Zinahesabu vitu tofauti.

Pikseli ni kipande cha kodi kinachokaa dukani mwako. Mara nyingi inawekwa kwenye ukurasa wa "Asante kwa kununua": mteja akifika hapo, inaripoti mauzo. Kwa mtu anayelipa kwa kadi, ukurasa huo hufunguka palepale. Hapa kwetu, mteja anaweka PIN, SMS inaingia, na kwake hiyo stori imeisha. Anaweka simu kando anaendelea kusonga ugali. Ukurasa wa asante haukufunguka, kwa hivyo pikseli haikuona kitu. Na yule aliyetoka kwa tangazo akakuja WhatsApp, akalipa kwa till? Huyo hata dukani hakupita.

Ndio maana sikubaliani na video za mafunzo zinazolaumu iPhone kwa kila kitu. Ni kweli, tangu iOS 14.5 itoke Aprili 2021, programu lazima ziombe ruhusa kabla ya kumfuatilia mtu, na watu wengi walikataa. Lakini angalia simu za wateja wako wa Kongoni na Moi's Bridge. Wengi ni Android. Tobo letu kubwa liko kwa malipo.

Kuna ubaya mwingine, wa kuhesabu zaidi. Kama pikseli iko kwenye kitufe cha "Agiza" na watu wanalipa mzigo ukifika, hata yule atakayeukataa pale steji amehesabiwa kama mnunuzi. Unaona namba tamu, unaongeza bajeti, hata kwa Fuliza. Mbaya zaidi, mfumo wa matangazo unajifunza kutoka kwa hizo ripoti. Ukiufundisha kwamba wanaoagiza bila kulipa ndio wateja wako, utakuletea wengine kama hao.

Mama anayeuza mahindi sokoni hakubali gorogoro ya mnunuzi bila kuangalia kama imebondwa au imeongezwa kimo. Deshibodi pia ni gorogoro ya mtu mwingine.

Kwa hivyo anza hivi. Weka dukani kitu cha shilingi 10, fungua Events Manager kwenye sehemu ya Test Events, kisha ukinunue mwenyewe. Mara ya kwanza subiri ukurasa wa asante. Mara ya pili, funga ukishaweka PIN. Kama ununuzi wa pili hauonekani, umepata tobo.

Kisha mwambie aliyekutengenezea duka kwamba ripoti itoke kwa seva, pale Daraja ya Safaricom inaporudisha jibu kuwa malipo yamepita. Meta huipokea kupitia Conversions API. Kila oda iwe na namba yake, na pikseli na seva zitume namba ileile, ndio oda moja isihesabiwe mara mbili. Na kama unatuma namba za simu za wateja, waambie. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inawalinda hata kama duka lako ni dogo.

Wale wa WhatsApp, waulize tu: "Ulituonea wapi?" Andika kwa daftari. Kila Jumapili, weka daftari, SMS na deshibodi pamoja. Usihukumu tangazo la jana, kwa sababu kwa kawaida Meta huhesabu ununuzi hadi siku 7 baada ya mtu kubonyeza.

Najua kuna watakaosema hii ni kazi ya wataalamu wa Nairobi. Mimi naona kinyume. Kampuni kubwa ikipoteza 2,000 haitajua. Wewe ukiipoteza, hiyo ndiyo ilikuwa stoki ya wiki ijayo.