Karani Aliyeandika Kabla ya Kucha

Wengi wanaotamani kuandika hadithi husema kwamba kinachowazuia ni kukosa nafasi. Mchana kutwa wamo ofisini au shambani, na jioni mwili umechoka. Basi na wayatazame maisha ya Mwingereza Anthony Trollope, aliyezaliwa mwaka 1815 na kufariki mwaka 1882.

Mtu huyu alikuwa karani wa Posta. Aliingia kazini London mwaka 1834, akiwa kijana wa miaka 19, akapelekwa Ireland mwaka 1841, wala hakuacha utumishi mpaka mwaka 1867. Hata hivyo aliandika riwaya 47.

Siri yake aliieleza mwenyewe katika kitabu cha maisha yake, kilichotolewa mwaka 1883. Mtumishi mzee alimwamsha kila alfajiri, akalipwa paundi 5 zaidi kwa mwaka kwa sababu ya kazi hiyo. Ilipopata saa 11 na nusu, Trollope alikuwa mezani. Nusu saa ya kwanza aliisoma kazi ya jana, akizipima kwa sikio sauti za maneno yake. Kisha aliweka saa mbele yake, akajidai maneno 250 kwa kila robo saa. Hesabu ya kurasa aliitia katika daftari siku kwa siku, hata siku ya uvivu ikaonekana wazi na kumwaibisha. Alipokuwa safarini kwa kazi ya Posta, aliandika kwa penseli ndani ya gari la moshi, na mkewe akanakili.

Wako waliomdharau walipoyajua hayo, wakaona kwamba hadithi haipimwi kwa saa kama kazi ya kibarua. Lakini saa haikumpa mawazo. Ilimkalisha kitini tu. Watu wa hadithi zake aliishi nao moyoni, akalala nao na kuamka nao. Wala mavuno hayakuja upesi: riwaya ya kwanza aliianza mwaka 1843, ikatolewa mwaka 1847, na wanunuzi wakawa haba. Sifa alianza kuipata mwaka 1855.

Mkulima halimi shamba zima kwa siku moja. Hujipimia ngwe yake, akaimaliza. Vivyo hivyo, anayeandika ukurasa mmoja kila alfajiri atakuwa na kurasa 365 mwaka ukiisha, nacho ni kitabu kizima. Anayengoja nafasi atakuwa angali akingoja. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.